Karani Aliyekuwa Akiuliza Siku

Ninyi vijana mnaolala na simu chini ya mto, mkiulizwa saa mnabonyeza tu hata jua hamlitazami, isomeni hii mpaka mwisho ndipo mcheke, kama kicheko kitakuwa bado kipo. Shule yangu iliishia darasa la nne. Mkikuta sentensi imepinda, iacheni hivyo hivyo, mimi ndivyo ninavyosema.

Nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja. Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo gani, hayo simwelezi mtu. Wote tulimwita Karani, kwa sababu alikuwa karani wa ghala la ushirika, wa kupima pamba. Ilipokuja soko huria, wanunuzi binafsi walifika Bariadi na mizani zao na malori yao, ghala likafungwa, watu wakapunguzwa. Karani naye akapunguzwa. Mmoja wa wale wanunuzi alikaa misimu michache, akashindwa, akauza vitu vya ofisi yake. Karani akanunua kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, imegeuka rangi kama jino la mvuta tumbaku. Akaiweka kwenye chumba kilichopakana na kibanda changu, nyuma ya stendi, mimi nikiuza uji, chai na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ya kuchemsha na karanga. Umeme alivuta waya kwa mwenye mashine ya kusaga. Jenereta ya kusaga ikizimwa jioni, na Karani amezima.

Juu ya mlango aliandika kwa rangi nyeusi: HAPA TUNAPIGA CHAPA. Alikuwa peke yake, lakini aliandika "tunapiga". Mara ya kwanza nilipoona nilimcheka. Siku hizi sicheki.

Sasa kompyuta ile ilikuwa na ugonjwa. Ilikuwa inasahau saa. Kila asubuhi akiiwasha inalia mara moja, kioo kinakuwa cheusi, maandishi meupe yanakuja, inasema kwa kizungu kwamba haijui saa wala siku. Kisha inaandika siku yake yenyewe, na siku hiyo ni moja tu, haibadiliki: mwaka mpya wa elfu moja mia tisa na themanini. Kwetu sisi ilikuwa miaka mingi imeshapita tangu mwaka huo. Kwa mashine ile, kila kulipokucha ulikuwa ndio umeingia. Ilikuwa inangoja mtu aiambie leo ni lini, ndipo ikubali kufanya kazi ya leo.

Mngedhani mtu angeitazama saa yake, akaandika, basi. Karani alikuwa na saa ya mkono, saa nzima, inatembea, na kila asubuhi aliijaza ufunguo. Lakini sikumwona hata mara moja akiitazama. Kalenda alikuwa nayo pia ukutani. Aliipachika ikiwa imegeuzwa, tarehe zinatazama ukuta. Alichokifanya ni hiki: aliwasha mashine, akatoka akasimama mlangoni, mikono nyuma, akamngoja mpita njia wa kwanza.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, Karani."

"Samahani. Leo ni tarehe ngapi?"

Mtu anataja. Karani anamuuliza na mwezi, na mwaka, kama vile mwaka nao unaweza kuwa umepotea. Kisha anashukuru, anarudi ndani, mnasikia vidole vyake kwenye vile vidude vya herufi, ta ta ta, halafu kimya.

Mara nyingi mpita njia wa kwanza nilikuwa mimi, na sufuria kichwani.

"Karani," nilimwambia siku moja, "wewe ulikuwa unapima pamba ya wilaya nzima. Siku huijui?"

"Naijua, mayu," akasema, mayu kwetu ndiyo mama. "Ila kuitaja, siitaji."

Alikuwa mtu wa masharti. Aliosha mikono kabla ya kugusa mashine, na wewe ukiingia na karanga alikutoa nje, ingawa yeye mwenyewe nilimuuzia karanga kila siku na maganda yake niliyafagia mimi. Mteja akija amechelewa kuchukua kazi yake alimgombeza kama mtoto, yeye ambaye saa hataki kuitaja. Kanisani aliimba sauti ya chini vizuri sana, lakini padri akifika kwenye matangazo ya wiki, tarehe hii kuna hiki, tarehe ile kuna kile, Karani alikuwa anatoka nje kwenda kufunga kamba za viatu. Jioni aliifunika mashine kwa kitenge. Hakuitupia, aliifunika polepole mpaka kwenye pembe, kama mnavyomfunika mgonjwa.

Na alikuwa na maneno yake. Mtu akimharakisha alisema, "Herufi haina kwao pa kuwahi." Akisifiwa kazi alisema, "Sifu mashine, mimi ni mlinzi tu." Mlinzi wa nini, hakusema.

Siku moja kulikuwa na haraka, watu wa mnada walitaka matangazo ya kubandika, na asubuhi ile Karani alianza kazi kabla hajauliza mtu. Yale matangazo yakatoka na siku ya mashine. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, mtu wa mzaha, alirudi nayo mkononi anapiga kelele stendi nzima isikie.

"Karani! Mnada wako huu ulishakwisha! Ng'ombe walishaliwa, na waliowala wameshazikwa!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Karani hakucheka. Alizichukua karatasi, akazichana moja moja. Nikamwambia yule wa ng'ombe, "Na wewe nenda kaoge, unanuka zizi." Akaenda.

Alikuja fundi kutoka Mwanza, kijana mwenye begi. Nilikuwepo, nilipeleka chai. Aliifungua mashine mgongo, akapuliza vumbi, akatuonyesha. Ndani kulikuwa na betri ndogo ya kutunza saa wakati umeme hakuna. Betri imekufa, tena ilivuja, na maji yake yamekula njia za shaba kwenye bodi, pameota ukungu wa kijani. Akasugua kwa mswaki na spiriti, akachomelea waya mwembamba kwa risasi, akaweka betri nyingine. Mashine ikashika siku. Kesho yake ikashika. Nilidhani mambo yamekwisha. Baada ya muda mfupi nikapita asubuhi, Karani yuko mlangoni, mikono nyuma.

"Mwangaluka, mayu. Leo ni tarehe ngapi?"

Fundi aliporudi alibadilisha betri tena, akapima kwa kile kipimo chake cha sindano, akakuna kichwa. "Umeme unafika kwenye saa, mama," akaniambia mimi, kwa kuwa Karani alikuwa ametazama pembeni. "Inapata kila kitu. Hii ilitakiwa ishike." Mara ya tatu hakuja.

Hapa ndipo niwaambie kilichokuwa kinamsumbua mtu yule, maana baadaye nilikijua.

Alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, aliyekwenda vita ya Kagera. Waliorudi walirudi. Yule hakurudi, wala habari haikuja, wala mwili. Mama yao alikaa chini kwenye mkeka, hapiki, hasemi, anatazama njia. Kwa watu wa kwao, mwili usipoonekana, matanga hayawezi kukaliwa mpaka mtu wa damu asimame mbele ya wazee aitaje siku: amekufa leo. Ndipo wanazika nguo zake, wananyoa nywele, mji unaendelea. Wazee walimwambia Karani, wewe ndiye mkubwa, mtoe mama yako kwenye mkeka. Akasimama akaitaja. Ilikuwa siku ya mwaka mpya, ule mwaka wa themanini. Wakazika shati. Tangu hapo hakutaja siku nyingine kwa kinywa chake.

Nilikijua kwa sababu ya mvua. Ilinyesha tangu alfajiri, ile ya masika inayogeuza mbuga kuwa bahari ya tope jeusi. Stendi hakuna basi, njiani hakuna mtu, na mimi sikufungua kibanda. Alasiri ilipotulia nikaenda kutazama kama kuni zangu zimelowa. Mlango wa Karani ulikuwa wazi. Mashine inawaka, imeandika siku yake ile. Yeye amekaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha, kama wakaavyo wafiwa. Nywele zote amenyoa. Wembe uko pembeni, na nywele zimekusanywa kwenye gazeti.

"Karani, kuna msiba?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyetoka mbali kuja kumpa pole. "Tunazika leo," akasema. "Karibu ukae na mama."

Sikukaa. Nilimpigia kelele, nikamtajia: leo ni siku fulani, tarehe fulani, mwezi fulani, mwaka fulani, hakuna mtu anazikwa hapa, inuka! Nikarudia. Akafumba macho, akapapasa kichwa chake, akakuta hakina nywele. Machozi yakamtoka. Ndipo akanieleza habari za mdogo wake, neno kwa neno kama nilivyowaeleza ninyi.

Kwa hiyo nilijua tangu siku ile kwamba hayakuwa mazoea ya kipuuzi. Asipotajiwa siku na mtu mwingine, alibaki kule, siku ya kuzika shati.

Wengine hawakujua, nami sikuwa mtu wa kutangaza siri ya mtu. Wao waliona tu kwamba kuna mtu anayevizia wapita njia akiwaomba siku. Tena mtu mmoja mwenye baiskeli, aliyekuwa akimjibu mara nyingi, akagongwa na lori la pamba. Halafu mama mmoja wa sokoni, naye alimjibu asubuhi, akaugua malaria, akafa. Mji mdogo hauhitaji zaidi ya hapo. Wakasema anakusanya siku za watu, anazitia kwenye mashine. Ukimtajia siku umempa ya kwako, imepungua kwenye zako. Watu wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Watoto wakimwona mgeni anakaribia ule mlango, wanapiga kelele: "Usimwambie! Usimwambie!" na kukimbia. Wateja wakaisha. Mimi mwenyewe uji wangu ukaanza kuganda sufuriani.

Sungusungu, wale walinzi wa jadi wa mji, wakaitisha mkutano, mchana, uwanja wa mnada. Walitaka kumtenga, na wote mnajua adhabu ya kutengwa ilivyo. Hupewi moto, huchotewi maji, husalimiwi, na anayekusalimia anatozwa ng'ombe. Kwa mtu mwingine kutengwa ni aibu. Kwa Karani, mtu asiposalimiwa, nani atamtajia siku? Nilimwona amesimama katikati, shati jeupe, kamba za viatu zimefungwa vizuri, anatazama midomo ya watu. Niliona anachokitazama. Alikuwa anangoja mtu ataje tarehe.

Mtemi wa sungusungu akauliza, "Karani, siku za watu unazipeleka wapi?"

"Sizipeleki popote. Nazisikia tu."

"Una saa mkononi. Mbona huitazami?"

Karani akaifunika ile saa kwa kiganja. Watu wakaguna. Nikasimama. Kwenye mikutano ile wanawake hatukusemeshwa, na mume wangu alinivuta kanga. Nikaing'oa mkononi mwake.

"Mimi namtajia kila asubuhi," nikasema. "Kabla ya huyo wa baiskeli na baada yake. Kama huyu anakula siku, basi ameshiba zangu, na nitazameni: meno ninayo, mgongo ninao, na jembe nalima kuliko wewe, Mtemi."

Watu wengine wakacheka, wengine wakasogea mbali nami. Mzee mmoja akasema, "Huyu mama hasikii." Mtemi akafikiri, akatoa hukumu ya kijanja. Karani asimuulize mtu yeyote njiani tena. Huyu mama asiyesikia ndiye peke yake atakayemtajia. Yakimkuta, yamemkuta yeye.

Ikawa hivyo. Kila asubuhi, jua au mvua, nilipitia mlango wake kwanza, kabla sijawasha moto. Siku nilipokuwa na homa, mume wangu alinibeba kwenye baiskeli ananung'unika njia nzima. Nikasema tarehe nikiwa nimekaa nyuma ya kiti, tukarudi.

Na niseme ukweli, kuna kitu nilikiona ambacho sikukipenda. Karani alikuwa ananitazama mimi wakati ananiuliza. Lakini nilipokuwa najibu, hakunitazama. Alitazama kando ya bega langu, pale kwenye kizingiti, kama mtu anayehakikisha kwamba mwingine naye amesikia. Niligeuka mara kadhaa mwanzoni. Hapakuwa na mtu. Baadaye niliacha kugeuka.

Kisha mume wangu akaumwa miguu, tukahamia shambani Nkololo. Nilimuaga Karani mapema ili ajipange. Hakulalamika. Alisema, "Umenilinda muda mrefu, mayu." Nikasikia baadaye amefunga chumba, amepakia mashine kwenye lori, amekwenda kwa ndugu zake Lingeka.

Miaka ikapita mingi. Bariadi ikawa mkoa, pikipiki zikajaa, ninyi watoto mkazaliwa na simu mkononi. Nikaitwa Lingeka kwenye harusi ya mpwa wangu, na kabla ya kurudi nikaulizia kwa Karani.

Nilimkuta ndani, mchana kweupe, kwenye nyumba isiyo na umeme. Amekuwa mzee mdogo, amekauka kama michembe. Mashine iko mezani, imefunikwa kitenge kile kile. Mke wa mpwa wake aliniletea kigoda, akaninong'oneza, "Anaongea na mlango huyo, bibi. Usimjali."

"Mnamtajia siku?" nikamuuliza.

"Ya nini? Haendi popote."

Karani alinijua kwa sauti. Tukasalimiana vizuri. Kisha akasema, "Mayu, wewe ulidhani nilikuwa nauliza kwa ajili ya mashine?"

"Nilidhani kwa ajili yako."

Akatikisa kichwa. "Asubuhi ile ya kwanza nilipoiwasha, ikaandika siku ile niliyoitaja mimi, mtu alisimama mlangoni nyuma yangu. Akasema, kaka, leo tarehe ngapi? Sauti nikaijua. Sikuona uso, mwanga ulikuwa nyuma yake. Niliona viatu. Buti, zina tope jekundu."

Huku kwetu tope ni jeusi, jekundu ni la kule Kagera. Wote tunajua.

"Kila asubuhi anakuja. Hajui kama vita imekwisha. Mimi siwezi kumjibu. Siku niliyomtajia mimi ndiyo hiyo amekwama nayo, nikitaja nyingine ataganda na hiyo pia. Lakini akisikia kwa mtu mwingine, anasikia kama msafiri anavyosikia, anaondoka kwa amani mpaka kesho. Siku asipoondoka, anakaa ndani na mimi, na ninazika upya." Akanyoosha pembe ya kitenge. "Hapa hawanijibu. Yuko ndani siku nyingi sasa."

Chumba kilikuwa na giza, ingawa mlango ulikuwa wazi na jua la mchana liko nje. Nilikuwa nimekaa mgongo wangu mlangoni. Ndipo nikaona kwamba mwanga haunipiti pembeni kama unavyotakiwa kumpita mtu mmoja aliyekaa kigodani.

Sikugeuka. Nikaitaja siku. Nikataja tarehe, mwezi, na mwaka nikautaja kwa sauti kubwa, tarakimu zote.

Mwanga ukaingia. Ukafika mpaka mezani, mpaka kwenye pembe za kitenge. Karani akashusha pumzi.

"Nikifa," akasema, "sijui atamuuliza nani."

Alikufa mwaka ule ule, wakati wa kuvuna pamba. Nilikwenda nikamzika. Mashine sijui waliipeleka wapi.

Halafu kiangazi, hapa Nkololo, mkwe wangu, mke wa mwanangu, akaingia jikoni na kikapu cha kuni anacheka.

"Mama, kuna watu wana mambo. Mtu amesimama uani anauliza leo tarehe ngapi. Nikamwambia, baba, si uangalie simu yako?"

"Akasemaje?"

"Hakusema. Amesimama tu."

"Amevaa viatu gani?"

Akafikiri. "Buti. Zile za kijeshi. Na joto hili."

Nilitoka. Uani hapakuwa na mtu. Ua nilikuwa nimeufagia mwenyewe asubuhi, ardhi kavu, nyeusi, ina mistari ya ufagio. Karibu na kizingiti kulikuwa na tope, bichi, jekundu, la viatu viwili vilivyokuwa vimetazama ndani. Hakukuwa na alama ya kuondoka.

Nikasimama pale kizingitini, nikaitaja siku ile yote, na mwaka. Kisha nikawaita waliokuwemo ndani, mwanangu, mkwe wangu, wajukuu, hata mchungaji wa ng'ombe, nikawasimamisha mstari, nikawaambia nisichotaka kurudia tena:

Mtu yeyote akisimama kwenye mlango huu akauliza leo ni tarehe ngapi, mtajieni. Tajeni siku, tarehe, mwezi, na mwaka, na mwaka usemwe kwa sauti. Msicheke, msimuulize katoka wapi, msimtazame miguu. Mkishamaliza, pisheni mlango.